Vikombe vya Mwakio

Birmingham, Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Mghoi,

Nakusalimu wewe na wote mlio chini ya paa moja na mama. Mguu wake je? Najua mvua ikianza unavimba, na kwa sasa huko Taita ukungu lazima umeshuka hadi mlangoni. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na isipokuwa jambo moja ambalo limeniondolea hamu ya chakula tangu Alhamisi.

Barua hii isome kwanza peke yako. Mama msomee mwanzo na salamu za mwisho. Ya katikati ni yako na ya ndugu yetu Mwakio. Barua nimempa Sista Wambui, muuguzi tunayesali naye, anayeondoka Jumanne kwenda Nairobi. Ameapa kwamba ataikabidhi mkononi mwa dereva wa basi la Voi, na dereva ni mtu wa kwetu. Inatakiwa ikufikie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ya Mwakio kupiga simu ofisini kwenu shuleni.

Utauliza kwa nini sikupiga mimi. Nimepiga mara nne. Shule imefungwa, simu inalia na hakuna mtu. Na Jumamosi utakapoomba ufunguo kwa mlinzi kama kawaida, naogopa kuingia mimi kwanza kwenye laini halafu yeye akute ina mtu. Uliniambia kule Sierra Leone wanapanga foleni kwenye simu, dakika tatu kila askari, na ukikosa zamu yako unangoja mwezi mwingine. Nimemwandikia barua pia, lakini barua ya jeshi hukaa njiani wiki tano.

Sasa sikiliza. Unakumbuka Mwakio alipopelekwa huko na kikosi chetu cha kulinda amani, aliandika kwamba wako kwenye kizuizi barabarani, wanangoja waasi waje kusalimisha bunduki, na kwamba vikombe ni vichache hadi wanakunywa chai kwa kupokezana. Nikaingia sokoni mjini nikanunua vikombe ishirini na viwili, vile vya bati, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, kimoja kwa kila mtu wa kituo chake. Nikavituma kupitia anwani ya jeshi. Niliona fahari. Nilijiambia, angalau kitu kimoja nimefanya tangu nije huku.

Wiki iliyopita nikapata picha. Mwakio amesimama mbele ya banda lao, amenenepa kidogo, kofia ya buluu ameivaa upande kama baba alivyokuwa akivaa ya kwake. Nyuma yake ukutani wamepigilia misumari, na kila msumari una kikombe, kila kikombe jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu. Vinne vimefunikwa, mdomo chini. Unajua wewe na mimi kwa nini. Ni mama, ambaye kikombe cha mtoto asiyekuwepo hukigeuza chini juu, vumbi lisiingie na mtu mwingine asikinywee. Mwakio ameipeleka desturi ya mama hadi Sierra Leone. Pembeni yake kuna mwanamume mwembamba mwenye buti za mpira, anacheka, kikombe mkononi.

Alhamisi nikaipeleka picha kazini. Nilikwambia ninafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia hapa mtaa wa Digbeth, tunafua shuka za mahospitali. Mimi navuta shuka kutoka kwenye mashine ingali mbichi na nzito, mwenzangu Festus anashika ncha ya pili. Festus ni Mnigeria, alikuwa sajenti, na miaka michache iliyopita alikuwa Liberia na lile jeshi la pamoja la nchi za Afrika Magharibi. Hapendi kulizungumza. Hupenda kunitania.

"Lete nimwone mlinda amani wenu," alisema wakati wa mapumziko. "Ninyi Wakenya! Hata mwizi mkimkuta dirishani mtamwuliza sukari vijiko vingapi."

Nikacheka. Yeye akaitazama picha, kisha akaisogeza dirishani penye mwanga.

"Huyu wa buti ni nani?"

"Anaitwa Brima. Ni mmoja wa waasi. Huja kila asubuhi kunywa chai. Mwakio anasema wamekuwa marafiki."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Anataka kuacha vita awe fundi cherehani."

Festus aliweka mkate wake chini. Nikaona kidole chake kinatembea juu ya picha, msumari hadi msumari.

"Kituo kina watu ishirini na wawili," akasema. "Siku hii wanne hawakuwepo. Mmoja wao jina lake linaanza na K. Nani aliwafundisha kufunika vikombe vya walioondoka?"

"Mama yangu," nikasema.

"Mama yako ni mtu mwema. Lakini wamemtundikia mgeni orodha ya zamu ukutani, na kila asubuhi wanamkaribisha aje aisome."

Bi Saada, Mzanzibari anayesimamia kupiga pasi, akapita akasema, "Festus, mwache mwenzio ale. Na hizo shuka hazijikunji." Hapo ndipo aliponieleza mambo ya Liberia, na ninakuandikia yote kwa sababu Mwakio atabisha, nawe lazima uwe na la kumjibu.

Walikuwa wanalinda daraja. Watu wa upande wa pili walikuwa wanakuja kula wali, na wao wakawapa, maana njaa ilikuwa mbaya. Kila siku sahani zinaoshwa na kupangwa nje juani. Asubuhi moja wakashambuliwa wakati ule ule ambao sahani chache tu zilikuwa zimetoka, yaani wengi wao walikuwa doria. Wakaita msaada kwa redio. Waliokuwa karibu ni askari wa Guinea, jeshi moja nao, amri moja, lakini wanazungumza Kifaransa, na mkubwa wao hakuthubutu kuondoa gari kabla ya kuuliza kwao.

"Walikuja," Festus alisema. "Watu wazuri sana. Walikuja wakatusaidia kubeba maiti. Kwenye habari za redio tulikuwa jeshi moja la Afrika Magharibi. Pale darajani kila mtu alikuwa na nchi yake."

Kisha akaniuliza, "Jirani wa ndugu yako ni nani? Kituo kinachofuata ni cha nchi gani?"

"Sijui."

"Na yeye anajua? Si nchi. Namaanisha uso wa mtu atakayekuja akiitwa."

Nikamwambia kwamba nitamwagiza Mwakio aviondoe vikombe leo leo. Festus akanishika mkono. Alisema hapana, hilo ndilo kosa baya kuliko la kwanza. Brima akija akakuta misumari mitupu, atajua wameshtuka, na kama kuna siku waliyopanga wataisogeza karibu. Vikombe viongezwe. Waombe makopo ya maziwa jikoni, wayakate, wayapake rangi, wapigilie misumari mingine ifike arobaini, na kisifunikwe hata kimoja, awepo mtu au asiwepo. Chai waendelee kumpa, ila wampelekee pale kwenye kizuizi, asikaribie tena banda. Na Mwakio mwenyewe achukue chupa ya chai aende kwa jirani, awe Mghana awe nani, anywe naye, wapatane ishara ambayo haihitaji lugha wala ruhusa ya mji mkuu.

Nilimwuliza kama huenda Brima ni rafiki wa kweli. Festus aliitazama picha tena.

"Huenda," akasema. "Hata wale waliotuhesabu sisi, wengine walitupenda."

Bi Saada alikuwa amerudi akasimama nyuma yetu, akisikiliza. Aliniletea chai, sikuweza kuinywa. Akasema, "Mwandikie dada yako. Mwanamume akionywa na kaka yake atabisha. Dada akisema, atasikia." Ndiyo maana ninaandika kwako.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hajakuuliza habari za ng'ombe, mwambie haya. Sema kwa Kitaita, kwa kuwa foleni nzima inamsikiliza. Usitaje idadi. Sema tu kwamba kaka yako anataka vikombe viwe vingi na visifunikwe, kwamba mgeni anywee njiani, na kwamba yeye aende kumsalimu jirani. Akicheka mwache acheke, lakini asikate simu mpaka arudie yote matatu. Akisema nimekuwa mwoga huku Ulaya, mkubalie. Ni kweli. Tangu Alhamisi kila kikombe ninachokiona nakihesabu, hata vya kanisani leo, mchungaji anaongea nami nahesabu.

Hapa hakuna jipya. Mwenye nyumba wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari huko Longbridge na wanasema huenda kikafungwa, kwa hiyo naye ana uso kama wangu. Bado nina baridi, ingawa wao wanasema joto limefika.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie randa aliyoomba nimeiona, nitamletea. Msalimie mjomba Maghanga wa kinu cha posho na shangazi Wakesho anayeuza nyanya, na wanao wote, hasa yule niliyemwacha hajatambaa. Mama mwambie nakula vizuri.

Neno la mwisho. Jumamosi Mwakio hupiga saa nne. Mimi nitapiga saa sita kamili ya huko kwenu, atakuwa amemaliza. Usifunge ofisi, ningoje. Kama amepiga, ukifika nyumbani teremsha kikombe chake, kigeuze, mkitilie chai mnywe wewe na mama, na usimwambie kwa nini. Changu kiacheni kilivyo.

Na kama hakupiga, dada, hata hivyo inua simu yangu. Usiniache nisikie inalia tu.

Ndugu yako anayekutegemea,
Mwadime