Bwawa la Perege Mia Tisa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Ami Thani kaleta vifaranga wengine wa samaki. Elfu moja na mia moja! Bila kuniuliza — mimi ninayewalisha asubuhi na jioni. Nimekuta ndoo tupu tu ukingoni. Bwawa letu la kikundi hapa Kwihara ni mita za mraba mia tatu. Eliya, mtaalamu wa samaki kutoka Isikizya, alilipima mwenyewe kwa kamba: perege watatu kila mita, mia tisa basi, nao walishakuwemo. Sasa wako elfu mbili. Nimempigia ami. Anasema wageni wa kukagua miradi ya vijiji wanakuja mwezi wa sita, lazima wakute bwawa limejaa, na mwenyekiti ni yeye. Nikamwambia samaki watakosa hewa. "Ruqayya, samaki anaishi majini. Hewa ya nini?" Nimeaga kwa adabu. Hasira ninayo mpaka sasa.

Jumamosi, 31 Mei

Wamedumaa. Nimepima kumi — urefu ule ule wa mwezi uliopita. Wakubwa wanapora chakula, wadogo wanaambulia makombo. Mapezi yametafunwa, wengine wana vidonda ubavuni. Leo wameelea kumi na saba, wamekufa. Nikiongeza pumba inaozea chini, maji yananuka. Ami anasema siwalishi vizuri. Mimi.

Jumatano, 18 Juni

Wageni wamewahi, saa moja asubuhi. Saa mbaya — usiku kucha samaki wamemaliza hewa. Wote juu, midomo wazi, wanatweta. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja akasema samaki wanatusalimia. Ami akacheka naye, akasema bwawa hili ni la mfano, kila kijiji mpaka Goweko wapandikize hivi hivi. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikawaamkia, nikasema hawa hawamsalimii mtu, wanakufa. Yule mama akauliza, "Ni kweli, mwenyekiti?" Ami akajibu, "Mwanangu huyu hajalala vizuri." Mbele za watu! Wakaenda kunywa chai. Bwawani hakugeuka hata mmoja.

Alhamisi, 19 Juni

Sikuomba ruhusa. Eliya kasema kwenye simu: wapunguzeni leo, msiwape chakula, ingizeni maji mapya. Jirani yetu Mahona ana bwawa lenye maji, halina samaki. Kakubali. Tangu alfajiri mimi na Mwanahawa, mwenzangu wa kikundi, tunavuta wavu. Mia nne wamehamia wazima.

Naandika ukingoni, tunapumzika, karatasi inalowa. Ami kafika. Nimemwamkia, hajaitikia. Anataka nirudishe wote, mmoja mmoja. Nikasema, "Ami, sirudishi." Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Sasa yuko kwenye simu, anawaita wanakikundi wote waje wanione.

Waje.

Mwanahawa ameshashika upande wake wa wavu, ananingoja. Naingia majini —