Unawaka, Kisha Unazimika

Ifakara, 28 Desemba 1905

Kwa baba yangu mpenzi, mzee Mtoro bin Kombo, Dar es Salaam.

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta wewe na mama mkiwa wazima, na mguu wako umepona. Sisi huku, mimi na mke wangu Chiku, tunapumua. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Baba, nimefikwa. Ile boti ya mtambo ambayo Wajerumani waliwabebesha wapagazi vipande vipande kutoka Kilosa sasa iko mikononi mwangu. Yule fundi wa Kizungu niliyekuwa nikimpakia mtambo grisi amekufa kwa homa, na Bwana Luteni akasema, "Wewe ulikuwa ukimsaidia, utaiendesha wewe." Nikaiendesha siku mbili vizuri. Siku ya tatu mtambo ukagoma.

Na namna unavyogoma ndiyo inayonitoa akili. Nikijaza kile kikombe kidogo cha mafuta kwa mkono, nikazungusha gurudumu, unawaka, unanguruma mpaka bata wa mtoni wanaruka. Nasoma Kulhuwallahu mara tatu, na ya tatu haijaisha unakohoa, unazimika. Najaza tena, unawaka, unazimika. Siku ya kumi na moja leo. Nimesugua kile kidude cha cheche mpaka kinang'aa, na wapi.

Bwana Luteni hataki kusikia habari ya ugonjwa wa mtambo. Tangu askari wa hapa walipouawa mwezi wa Agosti, kwake yeye kila kilichoharibika kuna mtu amekiharibu. Anajua pia kwamba Chiku kwao ni kule juu ya mto, na kaka zake hawajaonekana tangu vita vianze. Amenipa mpaka mwisho wa Februari. Mwezi huu tu amekwisha nyonga wawili. Nijibu upesi, baba. Naogopa.

Mwanao,
Yunusi

*

Dar es Salaam, 12 Januari 1906, mwezi 16 mfungo pili

Yunusi mwanangu,

Marahaba. Mguu umepona. Mama yako ndiye mgonjwa sasa, tangu nilipomsomea barua yako hataki kula. Nilitamani nisimsomee, lakini unamjua.

Nisikilize, na usikilize kwa kichwa, si kwa tumbo. Nimeuguza mitambo ya bandarini miaka saba, na yote inataka vitu vitatu tu: cheche, pumzi na mafuta. Kama cheche hakuna, usingewaka hata kidogo. Kwa hiyo acha kusugua hicho kidude, utakimaliza bure. Jiulize: unapowaka unakula nini? Unakula mafuta uliyoyamimina wewe kwa mkono kutoka kwenye debe. Unapozimika ndipo unakuwa umeanza kula nini? Yanayotoka tangini. Basi mtambo wako ni mzima. Ugonjwa uko kwenye tangi.

Tazama kwanza kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo kama la sindano, hewa iingie mafuta yanapotoka. Likiziba, mafuta yanagoma kushuka na mtambo unakufa kwa njaa. Kama tundu ni safi, fungua koki ya chini, kinga kwa chupa nyeupe, uiweke itulie. Mafuta hukaa juu daima. Kama kuna kitu kingine, kitakaa chini yake nawe utakiona.

Ulipokuwa mdogo uliifungua saa yangu kumtafuta anayegonga ndani. Nilikuchapa. Leo fungua, sikuchapi. Na utakachokiona usimwambie mtu mpaka uwe umekijua mwenyewe.

Baba yako,
Mtoro

*

Ifakara, 29 Januari 1906

Baba yangu,

Shikamoo. Mpe mama salamu na umbembeleze ale. Barua hii haiji kwa tarishi. Anaileta Bi Mwanaheri, mjane wa mwenye duka, anayerudi kwao pwani. Ameishonea ndani ya mto wake wa kulalia. Ukiisha kuisoma ichome.

Tundu la kifuniko ni safi. Nikafungua koki kama ulivyosema, nikakinga chupa. Baba, robo tatu ya chupa ilikuwa maji. Na si ya mvua, kwa maana yana ungaunga wa mtama chini na harufu ya mafuta ya mbarika. Hakuna mtu wa bonde hili asiyeyajua. Ndiyo ile dawa waliyogawiwa watu mwaka jana, wakaambiwa risasi za Wajerumani hazitawaingia.

Nikaenda nyumbani na chupa ndani ya kanzu. Chiku alikuwa anapepeta mchele. Alipoiona akaweka ungo chini. Hakukana.

"Ni mimi," akasema. "Mama alinipa kibuyu. Kaka zangu wamo kwenye matete, wanapiga kila kinachopita mtoni, nao hawatajua kuwa ni wewe. Nilikuambia unywe, ukanicheka."

"Ndiyo ukaumwagia mtambo?"

"Si nawe unakaa juu yake? Nilikuona unaunywesha. Nikasema kama hutaki kunywa wewe, basi na unywe huo, uwakinge wote mlio ndani."

Nilinyanyua mkono nimpige, nikaishia kukaa chini nikalia naye. Ana mimba ya miezi mitano, baba. Sikuwa nimekuambia.

Maji nimeyatoa yote, tangi nimelisafisha, na najua sasa mtambo utakwenda. Lakini siwezi kuuwasha. Bwana Luteni amesema siku utakapopona anataka kuoneshwa kwa macho yake kilichouua. Nikisema maji, atauliza ya nani. Nikisema sijui, kamba ni yangu. Nikisema ninalojua, kamba ni ya Chiku. Zimebaki wiki nne. Sina mbele wala nyuma. Niambie la kufanya.

Mwanao,
Yunusi

*

Dar es Salaam, 13 Februari 1906, mwezi 18 mfungo tatu

Mwanangu Yunusi,

Nimeichoma. Mama yako aliuliza umeandika nini, nikamwambia atapata mjukuu. Amekula.

Fanya hivi, wala usipunguze neno. Wale nyigu wanaojenga vijumba vya udongo hawakosekani kwenye paa lolote. Bandua kijumba kimoja, ukilowanishe kidogo, uzibe kwa udongo huo lile tundu la kifuniko, uache ukauke. Jaza tangi mpaka shingoni, maana likijaa sana utazimika upesi. Kisha muite Bwana Luteni. Uwashe mbele yake, uzimike mbele yake. Hapo mwoneshe kifuniko, mpe ubua au sindano, azibue mwenyewe. Uwashe tena. Utakwenda mpaka uchoke wewe.

Atakuwa ameona kwa macho yake, na nyigu hanyongwi.

Mwambie mkwe wangu sina kinyongo naye. Amekosa, na kosa lake limenikondesha, lakini alikuwa anakuhangaikia wewe. Hicho kibuyu kitupeni mtoni leo hii, na msikizungumze tena hata chumbani.

Nimemlipa mjumbe wangu mwenyewe aje mbio. Usipopata barua hii kabla ya mwisho wa mwezi, sijui nitaishije.

Baba yako

*

Ifakara, 3 Machi 1906

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo mama. Mjumbe alifika tarehe 26, miguu imemvimba. Siku mbili baadaye nikafanya kama ulivyoagiza. Mtambo ukawaka, ukazimika. Bwana Luteni akazibua tundu kwa sindano ya kushonea vifungo, akaukusanya ule udongo kiganjani, akacheka mpaka akatoa machozi. Akanipiga begani akaniita fundi. Nikauwasha, ukaenda mpaka nikachoka mimi. Kwa jioni ile moja nilikuwa mtu mwenye furaha, na ni haki yako uijue.

Jana asubuhi tukapewa amri. Kesho kutwa naondoka nikikokota mitumbwi mitano ya askari, kwenda kwa kina Chiku, upande wa Chita. Ndiko pekee ambako mpunga umebaki, kwa sababu mafuriko yaliwazuia askari wasifike kwa miguu. Wanakwenda kuchoma maghala. Nimeona walivyofanya huku karibu, baba. Watu wanachimba mizizi, na watoto nywele zimewageuka rangi. Kwa mtambo niliouponya mimi watafika jioni ya siku ile ile.

Nilimwambia Chiku. Alichukua mtumbwi wa jirani jana ile ile akaondoka peke yake na tumbo lake, akawaambie wauhamishe mpunga. Kupanda mto kwa kafi ni siku nne. Tukitia nanga njiani walau siku mbili, watawahi. Nimemwambia Bwana Luteni amekwenda kuchuma mboga.

Uliagiza kibuyu kitupwe. Sikukitupa. Kila nilipokishika niliona mkono wake ulipokishika, nikakirudisha. Kilikuwa kimebaki nusu. Leo mchana nimekimimina tangini, askari wakinitazama, wakidhani ni mafuta. Kikombe nimekijaza mafuta safi.

Safari hii nyigu hawatanisaidia. Koki iko wazi kwa kila mtu, na Bwana Luteni si mjinga, akiisha kuzimikiwa mara mbili atafungua. Naogopa bado. Lakini nimepiga moyo konde.

Nisamehe. Ulinifundisha vizuri. Mtoto akizaliwa mwombeeni, akiwa wa kiume awe na jina lako.

Mwanao,
Yunusi

*

Dar es Salaam, 25 Aprili 1906, mwezi mosi mfungo sita

Yunusi mwanangu, na kama si Yunusi anayesoma basi mkwe wangu Chiku, na kama si Chiku basi yeyote mwenye imani aliye Ifakara,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama yake Yunusi mzima, anakula kidogo. Tarishi wa Kilosa amekuja mara tatu tangu barua yako ya mwisho, na mara zote tatu hakuwa na kitu changu. Nimeuliza bandarini, nimeuliza kwa wapagazi. Mmoja anasema boti iko, mwingine anasema ilizama, mwingine hajawahi kuisikia.

Sikukasirika, mwanangu. Nilikaa nikapiga hesabu kama fundi: nusu kibuyu, kikombe kimoja cha mafuta safi, bomba la tangi lenye urefu wa mkono. Nadhani mlikuwa mmekwisha toka gatini, mmeshika maji makuu. Kama ni hivyo ulifanya kazi safi, nami ningefanya hivyo hivyo. Hilo nilitaka ulijue. Niandikieni neno moja tu, hata kwa mkaa, hata bila jina, ili mama yake ajue alie au asilie.

Kila nikimaliza swala ya alfajiri nasoma Kulhuwallahu mara tatu, taratibu kuliko ulivyosoma wewe. Nikifika ya tatu nanyamaza. Mama yako huniuliza nasikiliza nini.

Baba yako