Chumba Chenye Mlango wa Nje

Genkuru, Jumanne. Mvua imekatika alfajiri, na ukungu bado umelala juu ya mahindi.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, mpaji wa uhai, aliyenitoa nyumbani na kunirudisha salama. Wakubwa zangu mnaosoma ukurasa huu, shikamooni. Wadogo nawapokea kwa marahaba. Amani iwe nanyi nyote.

Mwili umerudi. Moyo umebaki Dar es Salaam, kwenye stesheni ya treni ya umeme.

Juma lililopita nilikuwa Dodoma kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Ulipokwisha, kabla ya kurejea huku Tarime, nilipanda treni ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, nikiwa na tiketi ya kurudi alasiri hiyohiyo. Mwanangu Mwita anaishi huko pamoja na mkewe, Robhi. Nilitamani kumwona binti yao, Bhoke, mwenye miaka miwili, aliyepewa jina la marehemu mke wangu. Nilikuwa sijamwona tangu azaliwe.

Msomaji wa mbali atauliza kwa nini sikwenda kwao. Kwetu Wakurya, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wala hashikani mkono na mke wa mwanawe, wala hali naye meza moja. Ndiyo heshima tuliyorithi, nami nimeishika maisha yangu yote. Basi tulikubaliana kukutana stesheni, mahali ambapo si nyumba ya mtu.

Jengo lile linamnyamazisha mtu. Paa lake limekatwa pembe pembe mfano wa jiwe la tanzanaiti, na mwanga hushuka kupitia vioo hadi kwenye sakafu inayong'aa kama maji yaliyotulia. Kuna maduka, kuna migahawa, kuna ngazi zinazopanda zenyewe; nilisimama mbele ya ngazi hizo kitambo, nikaomba kimoyomoyo, ndipo nikainua mguu.

Mgahawani mimi na Mwita tulikaa meza moja. Robhi aliniamkia kwa mbali, macho ameyainamisha, akaketi meza ya pili na mtoto. Binti aliyekuwa akituhudumia alitutazama sote, kisha akamwuliza Robhi kwa sauti ya chini kama tumegombana, ili amtafutie nafasi mbali zaidi.

"Hakuna ugomvi, dada," Robhi akamjibu. "Yule ni baba mkwe. Sisi tunaheshimiana mpaka chakula kinapoa."

Nilificha kicheko changu ndani ya kikombe cha chai.

Bhoke hakujua mpaka wowote. Alishuka kitini, akachukua kipande cha chipsi katika sahani ya mama yake, akaniletea. Akarudi, akaleta kingine. Alikitia kiganjani mwangu, akasimama kusubiri nile. Vidole vyake ni vifupi na vinene, vya bibi yake kabisa.

Mwita akasema taratibu, "Tata, nyumbani si mbali. Ufike hata getini tu."

Nilikataa. Hakunilazimisha, maana amelelewa vyema.

Ndipo Robhi akamgeukia mtoto, akasema kwa sauti ya kunifikia mimi: "Bhoke, mwambie babu kwamba uani tumejenga chumba. Kina mlango wake wa nje, hakipitii ndani kwetu. Kina kitanda na meza ya kusomea Biblia. Hakuna anayelala humo."

Bhoke alinitazama, akasema, "Babu, kula."

Nikala. 

Hapa sina budi kuungama. Haikuwa mila iliyonizuia kukubali mwaliko ule, kwa maana mkwe wangu alikuwa ameitunza mila kuliko mimi. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akienda kwao. Akirudi nilimhoji kila kitu: dirisha linatazama wapi, jua la jioni linaingia upande gani, picha yetu wameitundika ukuta upi. Nimekaa katika nyumba ile miaka mingi kwa maneno yake. Niliogopa kwamba nikiiona kwa macho yangu, ile aliyonisimulia itafutika.

Nimeificha hofu hiyo nyuma ya heshima ya wazee. Mungu anirehemu.

Tangazo la treni likaita. Mwita alinibebea mfuko hadi pale wasio na tiketi wanapoishia. Robhi alisimama hatua kumi nyuma, amempakata mtoto, akimpungisha mkono. Treni iliondoka kwa upole hata sikuhisi, mpaka nilipoona nguzo zinarudi nyuma.

Leo asubuhi nimemwandikia Mwita ujumbe, nikaufuta. Nikajiuliza: ni wajane wangapi nimewafariji kwa kuwaambia kwamba wapendwa wetu wamo mikononi mwa Bwana, wala hawakai katika kuta na mapazia? Je, niliyasema hayo kwa ajili ya wengine tu?

Nikaandika upya, na safari hii nimeutuma: "Mwambie Bhoke amwambie mama yake kwamba mahindi yakishavunwa, babu atakuja kulala."

Mungu akubariki wewe usomaye, pamoja na wote walio chini ya paa lako. Na kama kuna mlango unaokungojea mahali fulani, akujalie miguu ya kuufikia.