Swichi ya Mzee Karanja

Alhamisi, Julai 1996

Simpendi huyo mzee, na leo sitajifanya.

Fundi alinionya kwamba diski ya kompyuta ya marehemu mume wangu inakaribia kufa, ninakili yaliyomo upesi. Humo Wekesa aliandika kila neno jipya la binti yetu Nekesa, tangu aanze kusema. Basi leo nikatoka nyumbani Laini Saba na disketi mbili hadi Kawangware, kwenye chumba alichochapia watu barua.

Disketi ya kwanza ilijaa salama. Ya pili ilikuwa katikati stima ilipopotea. Mzee Karanja, mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, amekataza pasi za umeme, na akishuku tu hushusha swichi kubwa.

"Nani anapiga pasi huko?"

"Si pasi, Mzee. Ni kompyuta."

"Mita yangu haijui tofauti, Mama Nekesa."

Aliporudisha stima, diski ilikwaruza kidogo, ikanyamaza. Nilijaribu mara nne, haikusoma tena.

"Si uko na moja? Itakutosha," alisema Mzee nilipomweleza habari ya disketi.

Hiyo moja inaishia Nekesa akiwa na miaka miwili. Sasa ana sita.

Nami, kwa mazoea, nilimwambia asante kwa kurudisha stima. Natamani kurudi Kawangware nimnyang'anye ile asante.