Baba, Nimemfunga Nyar Seme

Baba,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu nilikupa pale kaburini, na machozi nikakupa, mengine nikayameza kwa sababu watu wa Alego, wa kwa mume wangu, walikuwa wananitazama. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na hapa bomani hakuna hata mmoja wa kuniuliza, na ndiyo maana linanikaba hivi. Nimemfunga Nyar Seme. Nguruwe wako yule, uliyemnunua Seme ukarudi naye kwa mguu ukijisifu kana kwamba umeoa, ukamwita jina la wake zetu wa kutoka huko, binti wa Seme. Sasa yuko ndani ya vyuma. Anasimama, analala, basi. Kugeuka hawezi.

Usinilaani kwanza. Nisikilize.

Yalianzia kwenye matanga yako mwenyewe. Unajua uliuza ng'ombe wote ukanunua nguruwe, na Baba mdogo Okelo hajakusamehe hadi leo. Sasa ikafika siku ya tero buru, siku ya kukifukuza kifo kitoke bomani, na ng'ombe wa kukimbizwa hawapo. Wajomba waliahidi kuleta wao, mvua ikaharibu njia, hawakufika. Wanaume wamesimama na mikuki na matawi, ngoma imeshalia, na wageni wanaanza kunong'onezana. Baba mdogo akaona aibu inamjia hivihivi. Akapiga kelele: "Mifugo ni mifugo! Fungueni hao!" Ndivyo kifo chako kilivyofukuzwa na nguruwe kumi na wawili.

Nilicheka, Baba. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Nyar Seme alikuwa mbele, masikio yamemfunika macho, na nyuma yake wazee wazima wanaimba nyimbo za vita kwa sauti nzito kabisa. Waliteremka moja kwa moja hadi ufukweni Dunga wakavamia omena, dagaa wa ziwa letu, iliyoanikwa chini. Wanawake wa omena wakawachapa kwa chochote walichoshika. Nyar Seme hakujali, akaendelea mpaka akaingia majini hadi shingoni, akatulia humo akijipoza. Na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kila Mkristo wa Kisumu anajua habari za wale nguruwe walioingiwa na pepo wakatumbukia ziwani.

Jumamosi iliyofuata nilichinja mmoja nikamtundika kwenye bucha yetu pale Manyatta. Nilikaa na nzi. Yule fundi wa baiskeli ambaye hakuwahi kumaliza wiki bila mbavu alipita ng'ambo ya barabara akitazama chini. Nilipomwita alisema, "Apiyo, pole kwa msiba, lakini hiyo nyama mimi siwezi weka kwa mdomo. Hiyo imebeba kifo ya mzee." Wateja wote wakawa ni hivyo. Nyama niliwapa mbwa.

Unakumbuka zamani walichokuwa wakiuliza wateja ni kimoja tu: "Huyu ametoka Obunga?" Waliogopa nguruwe wanaozurura kule kwenye takataka na nyuma ya vyoo, na hawakuwa na makosa. Nimewaona wale wa Obunga. Wana uhuru wote wa dunia, wanaenda wapendako, na wanapigwa mawe, wanamwagiwa maji ya moto, wanabeba minyoo inayoingia kwa watu. Wewe ulikuwa ukimwambia mteja, "Njoo uone anapolala, ndipo ule." Uani kwako kulikuwa na matope upande huu, kivuli upande ule, machicha ya pombe ya busaa asubuhi na majani jioni. Katika wateja mia nadhani walikuja watatu. Wengine walikuwa wakiona tope kwenye kwato na kusema ni walewale wa Obunga. Ulikuwa ukikasirika! Ulisema mtu wa mjini anataka mnyama aliyeoga lakini hataki kujua aliogea wapi.

Kisha akaja karani wa hoteli moja ya kule Milimani. Si mtu wa hapa, habari za kukimbiza kifo zilimchekesha tu. Alisema atachukua nguruwe wetu kila Ijumaa, mradi tuyafanye mambo kisasa. "Madam, wageni wetu hawataki nguruwe ya matope. Weka simiti. Na hao wa mimba waingie kwa vyuma, hapo hawawezi lalia watoto." Alizungumza kwa upole sana, na alinunulia watoto wa jirani soda. Ningependa kumchukia lakini si mtu mbaya.

Jioni hiyohiyo Baba mdogo aliniita mbele ya watu. Maneno yake yote ninayo kichwani. "Hao wanyama wakishindwa kulisha hii boma, wanauzwa. Na wewe unarudi kwa bwana yako Alego. Msichana haezi zeekea kwa baba yake." Wewe ungekuwepo ungeguna tu, na yangeishia hapo. Mimi mguno wangu hauna uzito wowote bomani humu, Baba. Mimi ni binti aliyerudi nyumbani, sina hata nguzo moja ninayoweza kuisimika katika uwanja huu nikaiita yangu. Nguruwe ndio walikuwa ruhusa yangu ya kukaa.

Basi nikakubali. Fundi alipokuja kufunga vyuma kwa parafujo, ni mimi niliyevishika visicheze. Na uliwahi kutusimulia, tena si mara moja, habari za lile shamba kubwa ulikofanya kazi ukiwa kijana, kule bara baridini. Ulisema majike walikaa kwenye vyuma mpaka miguu ikasahau kazi yake, na ulisema siku uliyoacha kazi ile uliapa hutamfunga jike hivyo maishani. Kiapo kilikuwa chako, nikajiambia, mimi sikuapa. Ndivyo mtu anavyojidanganya mchana kweupe.

Kutwa nzima Nyar Seme anatafuna chuma. Hatafuni kwa njaa, maana chakula anapata kizuri kuliko cha enzi zako. Anatafuna tu, kichwa kinaenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, na povu jeupe linamdondoka. Nasikia mlio ule nikiwa jikoni. Nausikia nikiwa kanisani, ambako haupo.

Lakini sitakuficha la upande wa pili, maana najua ungebisha. Majike wadogo wawili walizalia kwenye vyuma na hakuna mtoto hata mmoja aliyelaliwa. Wewe uani kwako ulizika watoto watatu wa Nyar Seme aliowalalia, asubuhi moja, nyuma ya choo, ukaniambia nisimwambie mtu. Vyuma vina faida. Daktari wa mifugo alikuja akasifu sakafu, akaandika kila kitu kiko safi. Kweli ni safi. Ungeweza kula ugali pale chini.

Unajua nani alisema neno? Jirani yetu Mama Atieno, wa kanisa la Jumamosi, ambaye kwa miaka yote hii anashika pua akipita hapa. Alisimama kwenye ua akamtazama Nyar Seme muda mrefu. Akasema, "Mimi huyu mnyama sili na sitakula. Lakini hata yeye Mungu alimpa shingo ya kugeuza." Akaenda zake. Wanaokula hawakusema kitu. Siku moja nilipeleka nyama mwenyewe Milimani, nikachungulia mlangoni nikamwona mgeni anavyoifurahia, anapangusa midomo na kuagiza nyingine. Mpishi akaniambia swali lao ni moja, kama ni safi. Naye anawajibu ni safi, na wanaridhika. Halafu yule mama wa omena, aliyemchapa Nyar Seme kuliko wote siku ya matanga, alikutana nami juzi akalalamika: "Ile nguruwe ya mzee, ya kutembea, ilikuwa tamu. Hii yenu ya sikuizi ni kama kula sabuni." Nikamwuliza ataonja lini tena hiyo ya kutembea. Akacheka, akasema yeye siku hizi ni kuku tu.

Mengine yamebadilika pia tangu uondoke. Gugu maji limefunika Dunga yote, kijani kitupu mpaka macho yanachoka, na kuna siku mtumbwi hauwezi kusogea hata hatua kumi. Wavuvi wanashinda wakicheza bao la ajua. Ukitazama ziwa unadhani ni shamba. Nilikuwa nikienda pale kupumua kidogo, sasa siendi.

Wiki hii siku za Nyar Seme za kuzaa zimetimia. Jana alianza kuparua simiti kwa miguu ya mbele. Alikuwa akitafuta nyasi, Baba. Wewe ulikuwa ukimletea mafunjo na majani makavu mzigo mzima, naye akishinda siku nzima anayapanga, anayabeba mdomoni, anayaweka, hayampendezi, anayaondoa tena, nawe ukimcheka kwamba ana ubishi wa wanawake wa Seme. Jana aliparua mpaka kwato zikatoa damu. Kisha akakunja mdomo kana kwamba amebeba kitu, akageuza kichwa pale kinapofikia, akakiweka chini. Hapakuwa na kitu.

Asubuhi ya leo nilikata nyasi mzigo mzima nikaumwaga uani kwenye udongo, hatua tatu kutoka kwake, nikafungua mlango wa mbele. Nilimwambia, toka mama. Akatoa miguu miwili. Akanusa. Akasimama hivyo muda mrefu, nusu nje nusu ndani. Halafu akarudi kinyumenyume taratibu, akalala palepale kwenye simiti, akaanza tena kutafuna chuma. Na mlango uko wazi.

Nilimkasirikia. Nilimtukana, Baba, matusi ambayo hukunifundisha. Kisha nikakaa chini nikalia, kwa sababu nilijua ninayemtukana ni nani. Kutoka Alego nilitoroka mara mbili kabla ya ile uliyoijua, na mara zote mbili nilirudi kwa miguu yangu. Hakuna aliyenifunga kamba. Mara ya kwanza nilijiambia nafuata sufuria zangu. Mara ya pili hata sababu sikutafuta. Wewe ulikuja mara ya tatu kwa baiskeli, hukusalimia mtu, ukakunja godoro langu ukalifunga kwenye keria, ukaniambia, "Nyathina, mwanangu, tembea mbele." Ulikaa nyuma yangu njia nzima ili nisigeuke. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo, nilikuwa nakuonea haya.

Basi nilichukua spana. Sikumgusa wala sikumsukuma. Nilifungua vyuma kimoja kimoja, yeye akiwa amelala katikati, akinitazama kwa jicho moja. Parafujo nyingine zilikuwa zimeshika kutu na mikono yangu imechubuka, utaona mwandiko ulivyo. Nilivibeba vyote hadi nje ya ua. Pale alipolala hapakubaki pa kurudi, palibaki sakafu tu. Saa sita hivi akainuka. Miguu ya nyuma ilitetemeka, akaanguka kwa magoti, akainuka tena. Akafika kwenye nyasi. Yuko hapo mpaka sasa, anabeba na kupanga, nami nimekaa juu ya debe naandika haya kwenye goti.

Kesho ni Ijumaa. Karani atakuja, ataona matope kwenye kwato, ataondoka na gari tupu, namjua. Baba mdogo atapata habari kabla ya chakula cha mchana. Naogopa, Baba. Sina mpango. Sijui bomani humu nitakaa kwa ruhusa ya nani, na huenda Nyar Seme akalalia mtoto leo hii na watu wakasema, si tulikwambia.

Lakini sikiliza ninalokuahidi, nawe uwe shahidi huko uliko. Karani nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajateremka garini. Baba mdogo nitamwambia nikiwa nimesimama. Kama ni kuondoka bomani nitaondoka, nitapanga chumba Manyatta, nitauza omena, nitafua nguo za watu. Alego sirudi. Wakinifuata na maneno matamu sirudi, wakinifuata na wazee sirudi, na hata usiku wangu ukiwa mrefu nikaanza kujitafutia sababu, sirudi.

Pumzika, Baba. Asante kwa baiskeli ile. Ningekaa nawe zaidi lakini amelala ubavu na pumzi zake zimebadilika. Wa kwanza ametoka, mweupe kabisa, ameshaanza kutambaa kutafuta titi. Naenda.

Apiyo wako