Mama Hataki Kulala Chali

Jumatatu, 6 Mei
Nimempeleka Mama kwenye kikundi cha wanawake, ukumbi wa kanisa. Tangu Januari, kaka Yeison alipochukuliwa na wenye bunduki, meno ya Mama hayaachani. Shingo imekaza, mkono wa kushoto haunyanyuki. Hajalia hata mara moja. Zahanati walimpa vidonge tu. Daktari Nidia, kiongozi wa kikundi – mweusi kama sisi, wa mji wa Cali – anasema hofu hukaa mwilini, hivyo itolewe kwa mwili. Nilimwamini.

Akatandika shuka nyeupe sakafuni. Laleni chali, akasema, fumbeni macho, mikono kifuani. Mama akainuka kama ameungua. Akamwambia: binti yangu, mimi sijafa. Tukatoka.

Jumanne, 7 Mei
Hapa Tumaco maiti ndivyo inavyolazwa. Shuka nyeupe, mikono kifuani. Na Yeison hajaonekana, hai wala mfu. Mama amekataa matanga.

Nani amwambie daktari? Shangazi Teófila, anayechimba chaza matopeni na Mama, kanicheka. “Shule umemaliza, mdomo umeusahau darasani?”

Nimekwenda. Nimeongea nikitazama viatu vyake. Daktari akashika kichwa. Bibi yake mwenyewe alipofariki alilazwa hivyo hivyo, kasema, na yeye hakukumbuka! Kisha akaniuliza mama zetu hufanya nini wakielemewa. Nikasema huvuma midomo imefungwa, huku wakichimba chaza.

Jumatatu, 13 Mei
Mama karudi. “Silali,” kasema mlangoni. Daktari kamjibu: halali mtu leo, mama.

Hakuna shuka. Tukasimama duara, miguu peku, tukikanyaga kama tuko matopeni, tukivuma, kila mmoja kiganja mgongoni kwa jirani. Mgongo wa Mama ulikuwa ubao.

“Kanyaga, mwenzangu,” Shangazi akamwambia, “au unaogopa kuchafua sakafu ya padri?”

Wakacheka. Kisha mgongo ukatikisika chini ya kiganja changu. Meno yakaachana. Sauti ikatoka – nilifurahi mno, mpaka nikasikia maneno.

Wimbo wa matanga. Hauimbwi ila kwa marehemu. Mmoja huanzisha, wengine huitikia. Hakuna aliyethubutu kunitangulia, hata Shangazi: ndugu wa tumbo moja ndiye huitikia kwanza, na ni mimi. Mama akanitazama, machozi yanashuka, akangoja.

Nikiitikia, nimemzika Yeison. Nisipoitikia, atafunga mdomo tena.

Nimekimbilia ngazi za nyuma na daftari hili. Kimya. Labda ameacha – hapana. Anaanza upya mstari ule ule. Mara ya nne sasa. Sauti inakwisha na bado hajajibiwa na mtu. Naweka kalamu, narudi ndani kumwitikia.