Mkate Nilioutafuna Mbele ya Watu

Buyenzi, Bujumbura
Ijumaa, baada ya swala

Kwako dada yangu Mwanaidi, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi kwa mkono wa yule mama muuza dagaa anayevuka na boti za mashine. Ilikuwa imelala kati ya magunia yake siku tatu, kwa hiyo kabla sijasoma hata neno nilishajua imetoka Kigoma. Nilikaa kizingitini nikainusa kwanza. Goti la Mama linaendeleaje? Na shemeji, kile kifua kimemwachia? Wapwa zangu nadhani wameshakuwa warefu, hata nikipishana nao njiani sitawatambua.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ingawa mwezi uliopita sikuwa mzima. Risasi za milimani bado tunazisikia, tumezizoea kama watu wanavyozoea jirani mgomvi. Lakini si risasi zilizotaka kuniua, na hilo nataka ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa wavuka ziwa.

Umeniuliza kwa nini nimeacha kazi ya bulanjeri, ile ya kuoka mikate. Umeandika kwamba Mama anasema ni kiburi changu kile kile cha kukataa chakula. Dada, ngoja nikueleze yote, na univumilie, maana habari yenyewe inachefua.

Wewe unajua mahindi yananifanya nini. Nyumbani muhogo ulikuwepo, ndiyo maana sikufa. Huku nilimpata muuguzi mmoja wa zahanati aliyenipa jina la ugonjwa: mzio. Akaniambia hauna dawa ya kuumaliza, dawa ni kukaa mbali na mahindi. Nikacheka. Mtu atakaa vipi mbali na mahindi katika mji ambao njia zimefungwa, na chakula cha msaada ni mahindi, na uji wa futari ni mahindi? Ukienda kusagisha muhogo, mashine imetoka kusaga mahindi ya mtu mwingine na kinywa chake bado cheupe. Nilikuwa namwomba msagaji aipanguse, naye ananipangusia kwa kanzu yake yenye vumbi lile lile, huku anacheka. Vitumbua vya mchele vinakaangwa ndani ya mafuta yaliyokaangia mahindi. Harusini Gihosha nilikula mchuzi wa nyama tu, nikajiona mjanja, kumbe mpishi aliufanya mzito kwa wanga wa mahindi. Nikatapika nyuma ya gari la bwana harusi, shanga za bibi harusi nazisikia zinalia jirani yangu, na aibu yake mpaka leo naionja. Hata vidonge vya malaria, dada. Vidonge! Muuguzi aliniambia vingine hushikamanishwa kwa wanga huo huo. Mtu anameza dawa apone, midomo inavimba.

Ndiyo maana niliipenda bulanjeri. Mkate wa ngano ulikuwa chakula pekee cha mji huu nilichokula bila kujichunguza. Mwenye bulanjeri, Mzee Haruna, ni mtu wa zamani hapa Buyenzi, babu yake ndiye aliyejenga ile tanuri. Kwa sababu ya amri ya kutotoka usiku tulikuwa tunaoka mchana, na watu walipanga foleni wakisubiri mkate wa moto. Mtaa mzima ulijua habari yangu. Watoto wakiniona wanaimba kwamba Rashidi anaogopa bisi.

Na nilikuwa na mwenzangu. Jirani yetu uani ni fundi cherehani, Mama Riziki, mjane, vita vilimtoa Cibitoke na mashine yake kichwani. Siku moja nilimkuta anarudisha bakuli la uji kwa watu wa sadaka, nikamuuliza, akasema, "Mahindi inanikataa. Koo inajifunga." Dada, nusura nimkumbatie mjane wa watu! Miaka yote hiyo nilidhani niko peke yangu duniani. Tangu siku ile tukawa tunaambiana: duka gani lina peremende zisizovimbisha, mama gani wa Kanyosha anauza muhogo aliotwanga kwa kinu na si mashine. Kila asubuhi alikuwa anakuja bulanjeri kununua mkate mmoja, akipitia kwangu kwanza. Alikuwa ananiuliza, "Leo iko salama?" Namwambia, "Salama." Anaondoka.

Sasa, ngano ikaanza kuadimika. Siku moja nikiwa nakanda, mikono ikaniwasha mpaka kwenye viwiko, nikadhani sabuni. Kesho yake ikatoka mabaka, na mkate wenyewe ukaanza kuniwasha midomo, nikaacha kuula. Siku ya tatu nikaingia stoo Mzee Haruna akiwa msikitini. Nyuma ya magunia ya ngano nikakuta magunia mengine yaliyofunguliwa na kushonwa tena. Nikatia mkono. Unga wa mahindi, dada, tena si unga wa heshima. Ulikuwa unga wa kufagiwa sakafuni mwa ghala, una fukusi wanaotembea, una mavi ya panya kama punje za mchele mweusi, na nyuzi za gunia. Kando kulikuwa na chekeche la kuondolea vile vinavyoonekana. Vile visivyoonekana tulikuwa tunavioka. Nilitoka nje nikatema mate mpaka kinywa kikakauka.

Mzee Haruna aliporudi nilimwambia nimeona. Hakukana.

"Ngano iko wapi, Rashidi?" akaniuliza. "Nionyeshe. Njia imefungwa, boti haileti. Mi nifunge bulanjeri, watu kumi na wawili waende wapi? Wewe uende wapi?"

"Watu wanajua wanakula ngano, mzee."

"Watu wanajua wanakula. Njaa inawapita. Bunga ya mahindi inaua nani huku? Wewe tu. Na wewe nitakutoa kwenye kukanda, utauza mbele. Sitaki ufe, mutoto yangu."

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Nikaanza kuuza. Mama Riziki, ambaye naye ulimi ulikuwa umeanza kumwasha, nilimwambia tu kwamba siku hizi mkate ni mbaya, una chumvi nyingi, asinunue. Nilisema chumvi! Neno mahindi lilikuwa hapa kwenye ulimi, nikalimeza, kwa sababu angewaambia wengine, nami ningepoteza kazi.

Lakini maneno hayafichiki. Mahindi yalizidishwa, mkate ukawa unapasuka na kumong'onyoka kama keki ya jana, watu wakaanza kunong'ona. Basi Jumatano moja, foleni imejaa, Mzee Haruna akatoka ndani na mkate mkononi, akasimama karibu yangu akapaza sauti.

"Jamani, munamujua huyu? Munajua mahindi inamufanya nini?"

Wakajibu wanajua.

"Kama hii mukate iko na mahindi, si atavimba hapa hapa? Kula, Rashidi."

Nilielewa papo hapo. Ule mkate ulikuwa na alama ya kisu chini, aliuoka kwa ngano tupu, peke yake, kwa ajili ya mchezo ule. Sikuwa nimeambiwa kitu. Mama anasema nina kiburi. Ningekuwa nacho siku ile, ningeutupa chini. Niliumega, nikatia kinywani.

Na ndipo nikamwona Mama Riziki mwisho wa foleni, na kikapu chake, amekuja tena licha ya ile chumvi yangu. Alikuwa ananitazama mdomo. Watu wengine walitazama kwa kucheka, yeye alitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Ningetikisa kichwa tu, angeelewa. Sikutikisa. Nilitafuna polepole, nikameza, nikatoa ulimi kuonyesha. Watu wakapiga makofi. Mkate ukaisha kabla ya adhuhuri.

Mama Riziki alinunua mmoja, na si mimi niliyempa, aliyempa ni mpwa wa Mzee Haruna aliyekuwa anauza nami. Nilijiambia nitakwenda kumwambia mara moja, nimalize tu wateja wawili hawa. Wakaja watatu. Kisha wakaleta trei za kupanga. Nilipofika uani niliwakuta majirani wamemzunguka, amekaa chini, uso umefura hata macho hayaonekani, anavuta pumzi kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Matapishi yalikuwa kwenye kitambaa cha gauni la mteja. Tulimbeba juu ya baiskeli mpaka zahanati, mimi nikimshika mgongo. Alikuwa ananikwaruza mkono kwa kucha. Walimpiga sindano, Mungu akamrudisha. Siku mbili alilala pale, na mimi siku mbili niliuza mkate.

Soma tena hapo, dada. Siku mbili niliuza mkate. Nilikuwa naukamata kwa kipande cha gazeti nisiuguse, nawapa watu, nasema karibu. Usiku nilijinusa mikono.

Jumamosi maneno yakavuma tena, kwa sababu ya Mama Riziki. Mzee Haruna akatoka na mkate wake wenye alama. "Kula, Rashidi, waone." Nikamwambia wacha. Nikageuka nikachukua mmoja kwenye rafu, ule wa watu, nikaumega vipande viwili vikubwa, nikavitia kinywani mbele yao. Alinishika mkono, akachelewa.

Nilidhani nitasema kitu. Sikuwahi. Midomo ilijaa, masikio yakawaka moto, koo likaanza kufunga. Nikatapikia juu ya meza ya kuuzia. Watu waliruka nyuma, mama mmoja akalia "Yesu wangu!", mwingine akasoma shahada kwa niaba yangu. Nikiwa nimeinama pale nikawaza, basi, sasa wamejua, imekwisha.

Halafu nikamsikia mzee mmoja wa mbele, mtu mwema, jirani yangu msikitini, anamwambia mpwa wa Mzee Haruna, taratibu, kama mtu aliye msibani, "Pole sana ya huyu kijana. Mi unipe mbili."

Na aliyekuwa nyuma yake akasogea. Walisogea wote, dada. Walikuwa wanapita kando ya matapishi yangu, wameinua kanzu na vitenge visiguse. Ningewalaumu vipi? Wana watoto, na mahindi hayawadhuru. 

Aliyenipeleka kupigwa sindano ni Mzee Haruna mwenyewe, kwa kamionete yake, kile kigari cha kubebea mikate, akiendesha na kulia. "Umeniaibisha," alikuwa anasema. "Umeniaibisha, na ukifa nitasema nini kwa mama yako?" Mtu huyo huyo. Sijui nimweke wapi moyoni mwangu. Nilipopona sikurudi, naye hakuniita. Bulanjeri inafanya kazi mpaka leo.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwa Mama Riziki kuomba radhi. Alikuwa anashona. Hakusimamisha mashine.

"Juu ya mukate?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mukate aliuharibu Haruna. We uliniona. Uliniangalia kwa macho, halafu ukatafuna." Akakata uzi kwa meno. "Mi nilikuwa nasemaka, hapa mujini tuko wawili. Siku ile nikajua niko peke yangu."

Nilitoka, nyuma yangu mashine bado inalia.

Sasa niko Kanyosha mchana, kwa mama mmoja mkulima wa muhogo. Tunamenya, tunaloweka, tunaanika, natwanga kwa kinu kipya ambacho hakijaona mahindi tangu kichongwe. Mikono imepona. Kila Ijumaa naacha pakiti ya unga mlangoni kwa Mama Riziki. Ya kwanza ililala pale mpaka kuku wakaitoboa. Ya pili hivyo hivyo.

Nisalimie Mama, mwambie nakula na nanenepa. Nisalimie shemeji, fundi wetu wa reli, na Mjomba Hamisi mshona viatu, mwambie zile ndara alizonipa bado zinatembea. Shangazi Tausi anayefundisha watoto Kurani mwombe aniombee dua, asiulize sababu. Wapwa wabusu wote, wa mwisho mara mbili kwa kuwa sijamwona.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini nimetoka kunawa mkono wino nikakuta kitu, lazima nikuandikie. Mama Riziki amekaa mlangoni kwake, pakiti ya leo ameifungua mapajani. Amegusa unga kwa ncha ya kidole, ameulamba kidogo sana, kisha ametulia. Ndivyo sisi tunavyofanya: unalamba, unangoja uone kama mdomo utawasha. Ameinua macho akaniona nimesimama na kopo la maji. Hakuondoka. Ameendelea kungoja.

Nimempa kopo mtoto wa jirani anishikie, nikasimama nikangoja naye. Sasa nimerudi ndani kumalizia, na yeye bado yuko pale, unga uko mapajani, na hajaurudisha.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja na wewe,
Rashidi